Niletee Ngozi Yake

Nambis, Mbulu
4 Februari 2024

Nikolausi,

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe, maana shikamoo yako sijaisikia tangu Noeli, na nikisema niisubiri nitazikwa sijaamkiwa.

Hapa tu wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Shangazi yako Benedikta ana kikohozi, anakohoa zaidi nikimtuma maji. Jirani yetu Mzee Sulle anakusalimu. Meno yamebaki mawili na yote mawili anayatumia kusema watu.

Sasa nisikilize. Violeth, binti wa Severine, alikwenda huko kwenu Katesh mnadani. Ijumaa amerudi, akaja kwangu hata mzigo hajatua. "Bibi, nimeona gari la Babu Wolfgang." Nikasema vizuri, kumbe linatembea. Akasema, "Linatembea, ila limeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, na nyuma lina mabomba mawili yanayonguruma mpaka mbuzi wa watu wamekata kamba."

Nikolausi, umemfanya nini ng'ombe wangu?

Usijifanye hujui. Siku ile ulipolitoa gari bandani, likiwa na viota vya kuku kwenye viti, nilikuambia mbele ya Sulle kwamba nakuwekea. Tunavyowekeana ng'ombe huku unajua, umekua kwa maziwa ya ng'ombe wa kuwekewa. Mtu akiniwekea ng'ombe wake, maziwa ni yangu, samadi ni yangu. Ndama si wangu. Pembe sikati, sikio sichani, mnadani simpeleki. Akifa namchuna, nampelekea mwenyewe ngozi aikague, ajue kama ni ugonjwa au ni mikono yangu. Ndivyo nilivyokuwekea Shevroleti ya marehemu. Uendeshe, upate chakula. Sikukuambia umkate miguu.

Lile gari babu yako aliachiwa na Mmarekani wa kuchimba visima, baada ya kuwa dereva wake miaka tisa. Limepeleka wagonjwa, limeleta maharusi, limebeba majeneza ya watu wa Nambis ambao leo watoto wao hawanisalimu. Halijawahi kuinama.

Lirudishe lilivyokuwa. Nakupa mpaka Pasaka.

Na usinipigie simu. Kwenye simu ukibanwa unasema mtandao. Barua haikati mtandao, na siku nikikupeleka kwa wazee nitaitoa. Mimi sikusoma ngumbaru bure.

Ni mimi bibi yako,
Bernadina


Katesh, Hanang
21 Februari 2024

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo Bibi. Naomba unisamehe kuchelewa, barua yako Agustino konda aliisahau kwenye droo ya basi siku nane. Mimi ni mzima. Mke wangu Glory ni mzima, anakusalimu, anakuletea vitunguu. Pole na mbuzi. Shangazi anywe tangawizi.

Bibi, sikulikata miguu. Naomba nikueleze, halafu ukasirike ukiwa umejua.

Gari lile linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele ni zito, nyuma ni jepesi, na lilitengenezwa kwa barabara za kwao, pana na zilizonyooka. Ukiingia nalo kwenye kona ya huku, linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Nimelitengeneza lisimame. Mbele nimepunguza springi, nusu mzunguko tu, ndiyo maana Violeth kaliona limeinama. Shokapu nimeweka za pikapu, na vyuma vinavyoshika ekseli ya nyuma nimebadilisha. Nimefunga chuma cha kuzuia gari lisilale, nimekitoa kwenye gari lililokufa hapa gereji, mabano nimechomelea mwenyewe. Usukani ulikuwa unauzungusha kiganja kizima kabla gari halijasikia, nimeukaza. Kabureta nimesafisha, injini imepata pumzi. Mabomba mawili ndiyo hayo, nakubali yana kelele. Bushi peke yake ndizo nilizonunua mpya, na hizo ni raba tu. Mengine yote ni ya kuokota na jasho langu.

Sasa linapita kona kama lipo relini. Watu wa harusi wananifuata mpaka nyumbani. Usukani uko kushoto, bibi harusi namkalisha mbele kulia, watoto wa Katesh wanapiga kelele kwamba bibi harusi ndiye anayeendesha.

Mambo ya kuwekewa, Bibi, mimi sikuelewa hivyo. Ulisema chukua. Sikujua gari nalo lina sheria za ng'ombe. Nikilirudisha lilivyokuwa, nitampakia nani? Nani atapanda gari linalotangulia kwa mkia?

Utasema Babu aliliendesha miaka ishirini bila hivi vyuma. Ni kweli. Lakini safari yake ya mwisho iliishia wapi?

Mjukuu wako,
Nikolausi


Nambis
3 Machi 2024

Nikolausi,

Marahaba. Vitunguu nimepata, vitatu vimeoza. Mwambie Glory ahsante kwa vile vingine.

Mvua imeanza vibaya, inanyesha kwa jirani. Benedikta amepona siku uliyomtajia tangawizi, kabla hata hajainywa.

Umejifunza kuandika ili unichome kwa kalamu? Safari ya mwisho iliishia wapi! Iliishia kwenye mtaro, kona ya kabla ya Dongobesh, mwaka 2009, na kwaya ndani. Kila mtu anajua. Marieta alivunjika mguu na mpaka leo anatembelea fimbo. Watu walisema pombe. Babu yako akavuliwa uenyekiti wa kigango kanisani, akalisukuma gari bandani, akafunga na mnyororo. Miaka kumi akakaa kimya mpaka akafa. Habari ndiyo hiyo, imekwisha, haihitaji fundi wa Katesh kuifungua kwa spana. Kona ile usinitajie tena.

Turudi kwa ng'ombe wangu. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba umetoa springi, umetoa shokapu, umetoa sijui mabushi. Vizuri. Umekiri. Sasa mimi nataka ngozi.

Hukunisikia? Kila ulichokitoa kwenye gari la Wolfgang, niletee. Kipande kwa kipande. Usinisafishie. Ngozi iliyooshwa ni ya mwizi. Mwenye ng'ombe anakagua mwenyewe aone huyu ng'ombe alikufa au aliuawa. Nikiona chuma kizima ulichokitoa kwa ujana wako na kiburi chako cha bomba mbili, nakwenda kwa Sulle, naita wazee, na gari linarudi hapa hata kama ni kwa kuvutwa na maksai.

Na kama umeuza kwa watu wa chuma chakavu, useme. Uniangalie kwenye karatasi useme.

Ni mimi,
Bernadina


Katesh
28 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Glory ana mimba ya miezi minne, ndiyo habari ya kwanza. Ya pili, mvua ilikata barabara, Agustino amekaa wiki tatu upande wa pili na basi lake.

Ya tatu nasema, kama ulivyotaka. Niliuza. Springi na vile vyuma vya nyuma nilimpa Lameck wa chuma chakavu. Nilipopata barua yako nilikwenda kwake, nikakuta amerundika vyuma mpaka usawa wa dirisha. Nimefukua siku mbili. Lameck amekaa kwenye ndoo anacheka, ananiambia, "Fundi, mwaka huu mmeanza kufufua?" Nikamwambia bibi yangu anataka ngozi. Akaacha kucheka. Kwao pia wanawekeana ng'ombe. Akashuka kwenye ndoo tukafukua wote.

Nakuletea gunia. Agustino nimemwambia asilipange chini ya mahindi. Shokapu nne, zote zimeisha mafuta. Vipande viwili vya springi. Raba zilizopasuka. Na mikono miwili ya chuma, mirefu kama mkono wako mpaka kwenye kiwiko, ile inayoishika ekseli ya nyuma isitembee.

Bibi, huo mmoja uliofungwa kamba ya katani uuangalie peke yako.

Nilipoutoa nilikuwa na haraka, ulikuwa na tope na grisi, sikuutazama. Juzi kwa Lameck nimeukwangua. Kwenye tundu, mahali pa raba, hakuna raba. Kuna ngozi ya ng'ombe. Imekatwa kwa kisu ukanda mwembamba, imezungushwa mara nne, imegongewa ndani kwa nyundo. Upande mmoja bado ina manyoya mekundu yenye doa jeupe. Tundu limetanuka kama yai.

Nakueleza kama fundi, siyo kama mjukuu. Mkono ule ukilegea, ekseli inajigeuza yenyewe. Dereva anakata kulia, nyuma inakwenda inakotaka. Ngozi kavu inashika siku chache. Ikilowa inakuwa laini kama ulimi. Siku ile ya kwaya mvua ilinyesha, hilo nalikumbuka, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuja na jembe kulivuta gari mtaroni.

Babu hakulewa. Ilikuwa Kwaresima, Bibi. Babu alikuwa hanywi hata togwa Kwaresima.

Sasa nauliza. Alimwendesha Mmarekani miaka tisa, alijua kila nati ya gari lile. Mtu kama yule hafungi ngozi mahali pa raba kama ana njia nyingine. Nani alimnyima njia?

Nikolausi


Nambis
16 Juni 2024

Nikolausi,

Marahaba. Gunia limefika. Agustino alilipanga chini ya mahindi.

Hongera ya mimba. Glory asibebe maji. Mwambie asimsikilize mama yake kuhusu kula udongo.

Maharage tumevuna magunia matatu, la nne ni taka. Mbuzi yule pacha aliyebaki amekua, anaruka ukuta, anakula shamba la Sulle, na Sulle anakuja kila asubuhi kunionyesha jani lililoliwa kana kwamba ni kidole chake. Benedikta amepata mchumba, mgane wa Dongobesh, ana ng'ombe sita na anasema kidogo. Nimemkubali kwa hilo la pili.

Vyuma nimeviona. Shokapu zilikuwa zimekufa, sina neno. Springi ungeweza kuziacha. Lakini gari umelifanyia kazi na siendi kwa wazee. Basi, mambo yameisha. Bomba moja ulitoe, moja linatosha.

Huku baridi imeanza, kuna ukungu mpaka saa nne.

Bernadina


Katesh
30 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Sikuuliza maharage.

Nikolausi


Nambis
18 Agosti 2024

Nikolausi mjukuu wangu,

Marahaba.

Barua yako ya mstari mmoja nilitaka kuiwashia moto. Nikaipeleka mpaka jikoni. Hujaadabishwa vizuri wewe, na aliyeshindwa kukuadabisha ni mimi, kwa hiyo nikaitoa majivuni nikaisoma tena.

Hapa wote ni wazima. Salamu zimeisha.

Manyoya yale nayajua. Ni ya ng'ombe niliyepewa na baba yangu nilipoolewa, mwekundu mwenye doa jeupe ubavuni. Alipokufa kwa uzee tulimchuna, ngozi yake nikawa naikalia. Mwaka ule 2009 niliikuta imekatwa pembeni. Nilimfokea babu yako siku tatu. "Umekatia nini ngozi ya baba yangu?" Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana nje, naifokea miguu.

Kabla ya hapo, wiki mbili kabla, alikuja jikoni amevua kofia. Akasema, "Bernadina, nyuma ya gari inacheza. Raba zimekwisha, zinapatikana Arusha. Tumuuze mtamba." Mtamba mwenyewe alikuwa wa uzao wa yule mwekundu. Nikamwambia ng'ombe wa baba yangu hauzwi kununulia raba. Nikamwambia, "Wewe si unaendesha kama mwanamke aliyebeba mayai? Kwenye kona shuka polepole, hiyo ndiyo raba yako." Akavaa kofia akatoka. Kwaya walikuwa wamemwomba, na babu yako hajui kuwaambia watu hapana. Mimi ndiye ninayejua.

Umetaka aliyemnyima njia. Huyo hapo.

Ngoja, sijamaliza, na usinihurumie, kwa sababu kibaya hakijafika. Gari lilipoanguka, katekista wa wakati ule alikuja hapa na wazee wawili wa kanisa. Wakaniuliza kama asubuhi ile mume wangu alikunywa. Nilijua hakunywa. Nilimpa uji kwa mkono wangu. Nilijua ngozi ilikatwa, na mvua ilinyesha, na mtamba amesimama nyuma ya nyumba anacheua. Ningesema gari lilikuwa bovu wangeuliza kwa nini halikutengenezwa. Nikasema, "Si mnamjua wenyewe."

Maneno hayo tu. Walikwenda nayo kanisani wakamvua uenyekiti mbele ya watu, na yeye amesimama ameshika kofia. Aliniangalia mara moja. Miaka kumi, Nikolausi, hakusema, na mimi nilimkasirikia kila siku kwa kutosema, maana angesema tungepigana yakaisha. Nilimkasirikia kwa kukohoa. Nilimkasirikia kwa kufa. Na wewe ulipoligusa gari nikasema huyu naye namkasirikia, anachokonoa nini.

Ngozi niliiomba mwenyewe, nikaletewa.

Jumatano sala ya jumuiya ilikuwa kwa Severine. Nilikwenda na ule mkono wa chuma nimeuvingirisha kwenye khanga. Nikaanza kusema kabla ya somo. Katekista huyu wa sasa, kijana, akasema, "Mama Bernadina, tuko kwenye sala." Nikamwambia, "Kaa. Sala inasubiri tangu mwaka tisa." Nikafungua khanga mezani. Nikasema yote, na lile la mtamba, na lile la "mnamjua wenyewe". Sikulia. Kama Violeth atakuambia nililia, ni muongo, kulikuwa na moshi.

Sulle akauchukua ule mkono, akautia kidole tunduni, akaivuta ile ngozi akainusa, kama wazee wanavyokagua. Akasema, "Ng'ombe huyu hakufa kwa ugonjwa. Aliuawa na mwenye zizi." Nilitaka kumpiga. Sikumpiga kwa sababu ni kweli, na kwa sababu meno yamebaki mawili.

Marieta akaguna pale kwenye kigoda. "Miaka kumi na tano, Bernadina! Na kila Jumapili unanipa amani ya Bwana kwa mkono huo huo!" Nikasema ndiyo. Akagonga fimbo chini. "Mguu wangu haukujua pombe wala ngozi, ulivunjika tu. Lakini yule mzee nilimkataa hata salamu. Alipokufa sikuja kuzika. Umenifanya nisizike mtu mwema." Neno hilo nimeliandika hapa ili nawe ulibebe kidogo, mimi peke yangu limenielemea.

Katekista akasema tutamwombea marehemu. Nikamwambia hapana, jina lake mlilivua kwa sauti, mlirudishe kwa sauti. Amekubali. Jumapili ijayo, tarehe 25, baada ya tangazo la ndoa, atasoma kwamba Wolfgang Margwe hakuwa amelewa. Na mimi nitasimama, wajue aliyesema ni nani.

Siku hiyo uje na gari. Bomba zote mbili, basi, libaki lingurume, watu wasikie kwamba linakuja. Umpitie Marieta kwake umlete kanisani. Akikubali. Nimemuuliza kama ataogopa kupanda, akasema, "Kama huyo kijana amelitengeneza nitaogopa nini, nilipanda likiwa limefungwa ngozi." Ibada ikiisha mpeleke mpaka Dongobesh na umrudishe, apite kona ile akiwa macho. Mkalishe mbele kulia, wadhani yeye ndiye anayeendesha. Mimi nitakaa nyuma, juu ya hiyo ekseli yako, na likitingishika hata kidogo utanisikia.

Yule mtamba alikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka uliofuata. Hata ngozi yake haikufaa.

Basi. Gari sikuwekei tena. Ni lako, na ndama zake ni zako, kata pembe unazotaka. Ule mkono wa chuma sikurudishii. Ngozi nabaki nayo mimi.

Bibi yako,
Bernadina, mke wa Wolfgang